Ripoti ya kompyuta ilisema haikatiki, breketi ikakatika wiki ya tatu

Swali limetoka kwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi, Kigoma, nalifupisha kidogo:

"Kaka mtaalamu shikamoo. Breketi ya kushikia injini ya boti ilivunjika, spea tukatafuta mpaka tukachoka, basi mdogo wangu aliyeko nje akaichora kwenye kompyuta akaiprintisha kwenye karakana moja ya huko kwa chuma cha pua. Ilikuja na ripoti kurasa 9, picha za rangi nyekundu na bluu, imeandikwa inavumilia mizunguko milioni 10 na sefti fakta 2.1. Tumeifunga kwenye boti ya Kagunga, wiki ya tatu imekatika kwenye kona, bahati tulikuwa tunaingia gati. Kompyuta inadanganya au? Inaweza kweli kujua chuma kilichoprintiwa kitakufa lini? Maana tulishapanga na shafti ya propela tuiprinti hukohuko. Nimetuma picha."

Marahaba fundi, poleni sana, na mshukuru Mungu ilikatikia gatini maana ingekatikia kule usawa wa Gombe na upepo umeamka leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Nianze na jibu fupi halafu nitanyoosha maelezo. Kompyuta haijadanganya, hesabu imeipiga vizuri tu, ila imeipiga ya chuma kingine. Chuma kilichokuwa kwenye ile ripoti na chuma kilichokuwa kwenye boti yako ni vyuma viwili tofauti japo jina moja, na shida yote ya kutabiri umri wa vitu vilivyoprintiwa iko hapohapo.

Picha zako nimezikuza mpaka zikaanza kuwa na ukungu. Ile ya uso wa mkatiko, ulipoiweka juu ya gazeti, iangalie tena taratibu. Karibu robo tatu ya uso ni laini, rangi ya kijivu iliyopoa, na kuna mistari myembamba ya nusu duara inayoenda ikipanuka, kama ile ambayo maji ya ziwa yanaacha kwenye mchanga hapo Kibirizi wimbi likirudi nyuma. Wenye fani wanaiita hivyohivyo, alama za ufukweni. Halafu robo iliyobaki imechanika kwa fujo, imevutika pembeni, haina mstari wowote. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwa unatembea siku zote hizo, leo kidogo kesho kidogo, na kila mstari ni mahali ulipopumzika au kubadilisha mwendo, mpaka ikabaki robo ya chuma ndo ikaachia kwa mara moja. Na hapo kuna kitu cha kushika: breketi imefanya kazi mpaka ikabaki robo yake! Kwa hiyo mzigo wenyewe haukuwa mkubwa hivyo. Wanaokwambia "mlizidisha mzigo" hawajaangalia picha.

Sasa ifuate ile mistari kinyumenyume, kutoka mkubwa kwenda mdogo, inakupeleka sehemu moja tu, chini ya kona kwa ndani, na pale pembeni kabisa unaona vijino vijino kama mtu amekata msumari akaacha vishina. Vile ni vishina vya sapoti. Printa ikijenga sehemu iliyoning'inia hewani lazima iijengee vimiguu vya kushikilia, ukimaliza unavikata, na waliokata hawakusugua wakalaini. Ufa umezaliwa kwenye kishina kimojawapo. Nikilinganisha na unene wa herufi za gazeti nakadiria kina cha kama milimita 0.3. Sehemu tatu za kumi za milimita, fundi, ndiyo imekata breketi ambayo nyundo isingeikata.

Hii ya chuma kuchoka si jambo geni kwenu mafundi, mnasema kila siku "chuma kimechoka" na ni neno sahihi kuliko mengi ya vitabuni. Spoki za baiskeli ya mkaa zinakatika vipi? Hazikatiki siku umepakia magunia mawili, zinakatika siku hujapakia kitu unaenda zako kwa shemeji. Mimi nimekulia Tabora jirani na reli, mzee wangu alikuwa fundi reli, alikuwa anapita na nyundo ya mpini mrefu anagonga gurudumu moja moja anasikiliza mlio, likiwa zima linalia kama kengele, likiwa na ufa linalia kama sufuria yenye mchanga. Na sayansi yenyewe ya uchovu wa chuma imezaliwa kwenye reli. Mwaka 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, wakafa watu zaidi ya 50, baadaye Mjerumani mmoja wa reli za Prussia, August Wöhler, akakaa miaka anazungusha ekseli kwenye mashine mpaka zikatike, anaandika mkazo kiasi gani na mizunguko mingapi. Ule mchoro wa Wöhler, mkazo upande mmoja na idadi ya mizunguko upande wa pili, ndio mpaka leo uko ndani ya karibu kila programu inayokadiria umri wa chuma. Ripoti yako nayo imeutumia, ukurasa wa 6, ila wameuchora wa kubuni.

Nasema wa kubuni kwa sababu hawakupima. Wamechukua nguvu ya kuvuta ya chuma, yaani mkazo wa kukikata kwa kukivuta mara moja, 630 megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo), wakagawa kwa 2 wakapata 315, wakasema huo ndio mkazo ambao chuma kitavumilia kwenda na kurudi bila kuchoka. Hiyo kanuni ya nusu ni ya zamani na si mbaya, kwa chuma kilichofuliwa au kuviringishwa kiwandani halafu kikang'arishwa mpaka unajiona uso. Chako hakikufuliwa wala hakikung'arishwa.

Maana kuprinti chuma ni nini? Ni kuchomelea. Usisikie majina makubwa. Wanatandaza unga wa chuma wenye punje za kama mikroni 15 mpaka 45, na ujue milimita moja ni mikroni 1000, tabaka moja lina unene wa mikroni 30 mpaka 50 hivi, leza inapita inauyeyusha pale inapotakiwa, tabaka linashuka, unga mwingine unatandazwa, hivyohivyo mpaka kitu kiishe. Breketi kama yako nakisia ni sentimita za ujazo 50. Tuseme tabaka ni mikroni 40 na mstari mmoja wa leza uko mikroni 100 kutoka mwenzake, piga hesabu uone leza imetembea kilomita ngapi: 12.5. Kilomita 12 na nusu za kuchomelea, zaidi ya kutoka Kigoma mjini mpaka Ujiji, kwa mstari mwembamba kama unywele, na wewe unajua vizuri kuliko mimi, welda gani anachomelea kilomita 12 hajaacha kitundu hata kimoja?

Vitundu vyenyewe vina tabia zake. Leza ikienda haraka au ikiwa dhaifu unga hauyeyuki wote, yanabaki mapengo bapa yenye kona kali, hayo ndo mabaya kuliko yote hasa yakilala kukatisha njia ya mzigo. Ikienda taratibu ikiwa kali mno inachimba shimo refu ndani ya chuma kilichoyeyuka, shimo linajifunga kwa juu na kubakiza povu chini. Halafu kuna vipovu vidogo vya gesi iliyokuja na unga wenyewe, hivyo ni vya mviringo na havina ukorofi sana. Na juu ya yote kuna ngozi ya nje, ambayo ikitoka mashineni ina mikwaruzo kama msasa, na upande ulioangalia chini wakati wa kuprinti ni mbaya zaidi ya ulioangalia juu. Kona yako ilikuwa inaangalia chini.

Kuna kitu kinawachanganya wengi, na nafikiri kilimchanganya hata aliyeandika ripoti. Chuma cha pua kilichoprintiwa kina nguvu kuliko cha kawaida! Si utani. Cha kawaida kilicholainishwa kwa moto kinaanza kukunjika moja kwa moja kwenye megapaskali 200 na kitu, kilichoprintiwa mara nyingi kinavuka 400, sababu kinapoa kwa kasi kubwa na ndani kinajenga vichumba vidogo vidogo vinavyozuia chuma kuteleza. Ukikivuta mara moja mpaka kikatike kinakupa namba za kujivunia. Lakini kuvuta mara moja na kutikisa mara milioni ni mitihani miwili. Kwenye kuvuta, kitundu kimoja hakina neno, chuma chote kinashirikiana kubeba. Kwenye kutikisa, kitundu kimoja kibovu ndicho kinachoamua, wengine wote hawaulizwi.

Ngoja tupige hesabu yako upya, hii unaweza kuifanya kwa kalkuleta ya simu. Kuna kanuni ya Mjapani Yukitaka Murakami na wenzake, ya miaka ya 1980, kabla hata printa za chuma hazijaanza kutumika, waliitengeneza kwa ajili ya kasoro ndogo ndani ya vyuma, na imekuja kuwafaa watu wa printa kuliko kanuni nyingi mpya. Inasema hivi kwa kasoro iliyoko usoni: chukua ugumu wa chuma kwa kipimo cha Vickers, jumlisha 120, zidisha kwa 1.43, halafu gawanya kwa ukubwa wa kasoro uliopandishwa kwa moja ya sita. Ukubwa hapa ni kipeuo cha pili cha eneo la kasoro ukiitazama kutokea upande wa mzigo, kwa mikroni. Ugumu wa chuma chako tuseme 220. Kasoro tuseme 300, kile kishina. Inakuja 340 mara 1.43 ni 486, gawanya kwa 2.59, unapata 188 megapaskali.

Ripoti inasema pale konani mkazo unapanda kutoka 0 mpaka 300 na kurudi, yaani wanalinganisha na nusu yake, 150. Walivyogawa 315 kwa 150 wakapata 2.1 yao, ile sefti fakta, yaani chuma kinavumilia mara ngapi ya kinachobebeshwa, ikishuka chini ya 1 kitakatika. Wewe ukigawa 188 kwa 150 unapata 1.25. Bado juu ya 1, sawa, ila hatujamaliza. Ile 188 ni ya mzigo unaovuta na kusukuma sawasawa, wako unavuta tu haurudi upande wa pili, na chuma kinachovutwa muda wote ufa wake hauzibwi, kanuni hiyohiyo inakukata mpaka 158, sefti fakta inakuwa 1.05. Tayari uko kwenye ukingo. Halafu kuna mkazo uliofungiwa ndani. Kila tabaka likipoa linajikunyata linavuta lililo chini yake, kama ngozi ya ngoma inavyokauka juani ikikaza, na kama kipande hakikupashwa moto tanurini kabla ya kukatwa kwenye sahani yake, lile bamba kilipojengewa, huo mvuto unabaki humo. Tuweke 150 tu pale konani, na hapo nimekuwa mpole. Hesabu inashuka mpaka 143. Gawanya kwa 150: 0.95.

Kutoka 2.1 mpaka 0.95, na hatujagusa mchoro, hatujagusa mzigo, kompyuta ni ileile. Tumebadilisha tu tulichoiambia kuhusu chuma, uso wake, namna kinavyovutwa na mkazo uliofungiwa ndani. Namba zangu usizichukue kama za mahakamani, zina makadirio ndani yake, lakini mwelekeo wake ndio huo na picha yako inauthibitisha.

Na hiyo milioni 10, fundi, wamekuuzia kama ni umri wa Mzee Methusela. Injini yako ikizunguka 4500 kwa dakika, kwa saa ni mara 270,000, milioni 10 inaisha ndani ya saa 37. Safari chache za Kagunga kwenda na kurudi umeshaimaliza. Kweli si kila mtikisiko wa injini unabeba mzigo wote wa 300, mingi ni midogo, mizigo mikubwa inatoka kwenye wimbi boti inapopiga pua chini na injini nzima inataka kung'oka nyuma, na miezi ile ya sita mpaka ya nane upepo wa kusini ukikaza unajua yanavyokuwa. Basi modeli ya maana ingechukua mchanganyiko huo, mitikisiko midogo mingi na mipigo mikubwa michache, ikahesabu kila mmoja umekula asilimia ngapi ya umri. Njia hiyo ni ya zamani, ya 1924 na 1945, ina makosa yake ila ni bora mara 100 kuliko kuweka mzigo mmoja usiobadilika kama wa kwenye ripoti. Nani alipima mzigo wa wimbi la Tanganyika? Hakuna. Waliweka namba.

Sasa umeuliza kama kompyuta inaweza kweli. Inaweza, wapo wanaofanya, na wanafanya kwa jasho. Watu wa injini za ndege wanarusha midomo ya mafuta iliyoprintiwa tangu 2016, kwenye injini ya LEAP, kitu ambacho zamani kiliunganishwa kwa vipande kama 20 sasa kinatoka kimoja. NASA mwaka 2021 walitoa kiwango chao cha vipande vya kuprinti vya vyombo vya anga, na ukikisoma utashangaa sehemu kubwa haiongelei kompyuta, inaongelea kuibana printa isibadilike tabia na kuprinti vipande vya majaribio pembeni ya kila kazi ili mashahidi wawepo.

Kompyuta yenyewe haiwezi kuiga zile kilomita 12 zote kwa undani, kuiga dimbwi la chuma kilichoyeyuka milimita chache tu kunaichosha mashine kubwa siku nzima na zaidi. Kwa hiyo wanaiba njia. Kwa mkazo uliofungiwa ndani wanabandika matabaka 10 au 20 kama tabaka moja nene, wanaipa kompyuta kiasi cha kujikunyata kilichopimwa kwenye kipande kidogo cha mfano, na hiyo inafanya kazi vizuri, kitu kikijipinda kompyuta inakwambia kitajipinda wapi. Kwa vitundu haisaidii, hapo wanapiga kipande picha za eksirei kutoka pande zote kama CT skani ya hospitali, wanahesabu vitundu na ukubwa wake.

Na hapa ndo kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote. Ukichambua kilo moja ya mchele unaweza usikute jiwe hata moja. Gunia zima, jiwe la kuvunja jino utalikuta. Kipande cha majaribio ni kilo moja, breketi ni gunia. Hivyo mtaalamu haulizi wastani wa mawe, wastani haumvunji mtu jino, anauliza kwenye gunia la ukubwa huu lile jiwe kubwa kuliko yote litakuwa kubwa kiasi gani, na kuna hesabu maalumu ya vitu vilivyopitiliza kwa ajili hiyo, ileile wanayotumia kukadiria mafuriko makubwa. Akishapata kitundu kibaya kuliko vyote anakiweka kwenye modeli, mahali pabaya kuliko pote, anakichukulia kama ufa tayari, anaanza kuusogeza. Kanuni ya kuusogeza ni ya Paul Paris, Mmarekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960: nguvu kwenye ncha ya ufa ikiongezeka mara 2, mwendo wa ufa kwenye chuma cha kawaida unaongezeka kama mara 8. Ndio maana ufa unakaa kimya muda mrefu halafu unakimbia.

Hata hao hawakupi siku na saa. Vipande viwili vilivyotoka printa moja siku moja vinaweza kupishana umri mara 10. Kwa hiyo jibu la kweli linakuja kama "kati ya vipande 100, kimoja kitakatika kabla ya mizunguko kadhaa", na ripoti yoyote inayokupa namba moja iliyonyooka bila kusema inaweza kukosea kwa kiasi gani, mimi naiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Akili mnemba nayo imeingia, kuna watu wanaifundisha isome picha za eksirei na taarifa za leza halafu itaje umri. Inafanya vizuri kwenye printa iliyofundishiwa, ukiihamishia printa nyingine na unga mwingine inapotea kama mgeni sokoni Mwanga siku ya kwanza. Data ni chache, kipimo kimoja cha uchovu kinaweza kula siku kadhaa na mashine ni ghali, hakuna mtu ana maelfu ya vipimo vya kugawa bure.

Na usidhani nakucheka, mimi yalinikuta. Nikiwa bado mpya kazini nilifanyia hesabu mkono mmoja wa titani ulioprintiwa, nikaweka data za titani ya kufuliwa kwa sababu ndizo zilikuwa kwenye programu, ukibonyeza jina la chuma zinajaa zenyewe. Mkubwa wangu akaangalia rangi akafurahi. Tulivyoupeleka kwenye mashine ya kutikisa ulikufa mapema sana kuliko nilivyoandika, na ufa ulianzia kwenye ngozi ya nje ambayo kwenye modeli yangu ilikuwa laini kama kioo. Toka siku hiyo nikifungua ripoti ya mtu siangalii picha za rangi kwanza, natafuta mstari unaosema uso ulikuwaje na mchoro wa Wöhler umetoka wapi.

Kabla sijaja kwenye la kufanya, nitoke nje ya mada kidogo. Pale kwenu mnayo meli ya Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa kwa vipande kwenye makasha mpaka mwisho wa reli, ikaunganishwa kwa ribiti, ikazamishwa, ikaibuliwa, imehudumu miaka chungu nzima. Meli ya ribiti ina faida moja ambayo kitu cha kuprinti hakina: ufa ukizaliwa kwenye bamba moja unatembea mpaka ukingo wa bamba, hapo unakutana na pengo unasimama, bamba la jirani halina habari. Kitu kilichoprintiwa ni kimoja bila kiungo, wanakisifia kwa hilo na ni kweli ni kizuri, ila ufa ukianza hauna mahali pa kusimama.

Haya, breketi. Kiukweli mimi breketi ya namna hiyo nisingeiprinti kabisa. Si umbo gumu. Tafuta bamba nene la chuma cha pua, fundi mkerezaji mzuri yupo hapohapo Kigoma, aikate na kuichonga, kona aipe duara la kutosha badala ya ile kali, utapata chuma kilichoviringishwa ambacho ile kanuni ya nusu inakihusu kweli. Kuprinti ni kwa vitu ambavyo huwezi kuvichonga, vyenye njia za maji ndani au spea ambayo haina mfano wake duniani. Kama mdogo wako anasisitiza basi iprintiwe imelazwa upande mwingine ili kona isiangalie chini na vishina vya sapoti viangukie sehemu isiyo na mkazo, ipashwe moto ikiwa bado kwenye sahani yake, kona iongezwe nyama ya milimita moja halafu ichongwe na kusuguliwa msasa mpaka laini, kusugua kufuate njia ya mzigo na si kuikatisha. Kasoro ikishuka kutoka 300 mpaka 50 na ule mkazo wa ndani ukaondoka, hesabu yetu inapanda mpaka 213, yaani 1.42, bila kuongeza unene pale penye mzigo, na duara la kona likipunguza mkazo inapanda zaidi. Watakutajia pia tanuru la presha ya gesi, la kubana vitundu vya ndani vijifunge, kwa titani ni nyuzi zaidi ya 900 na presha ya kama mara 1000 ya hewa. Ni kitu kizuri ila kinaziba vya ndani tu, kilichofunguka usoni gesi inaingia humohumo hakizibiki, na chako kilikuwa usoni, kwa hiyo ungelipa hela ya bure.

Shafti ya propela, hapana. Inazunguka na kukunjwa kila mzunguko, ikikatika hauna injini katikati ya ziwa na abiria wamo. Shafti ichongwe kutoka kwenye nondo nzima ya chuma kinachofaa, basi.

Kwa zile breketi nyingine mlizonazo kwenye maboti, kuna njia ya mafundi reli wa zamani ya kuona ufa bila mashine. Osha kipande kikauke kabisa, kipake mafuta ya taa, kiache kama nusu saa, kifute kikavu, halafu kipake chaki nyeupe iliyosagwa na kukorogwa na spiriti, ikikauka subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha humo yatapanda kwenye chaki na utaona mstari mweusi umejichora wenyewe. Anza na kona na matundu ya bolti, na spiriti na mafuta ya taa usivifanyie karibu na jiko.

Na ile nusu nyingine ya breketi iliyobaki kwenye boti usiitupe, wala msizikutanishe zile nyuso mbili kuona kama zinaingiliana, najua mkono unawasha kufanya hivyo, kila mtu anafanya, ila mkizigusanisha mnasaga ile mistari na hakuna mtu ataisoma tena. Ipake mafuta mepesi, ifunge na kitambaa kikavu, nipigie picha ya pale chini ya kona kwa karibu, tochi uishike pembeni imulike kwa ubavu badala ya usoni, na safari hii uweke sarafu ya shilingi 100 pembeni nipate kipimo kizuri kuliko herufi za gazeti.